Nani Kasema Kifaranga Kufa ni Kawaida?

Najua kuna wanaosubiri niandike siasa. Leo siasa itaingilia mlango wa banda la kuku, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Jumanne jioni mama mwenye nyumba wangu hapa Kizwite alirudi kutoka stendi akiwa amekumbatia boksi. Ndani yake kulikuwa na vifaranga 60 wa chotara, kila mmoja shilingi 2,000. Piga hesabu mwenyewe: 120,000, fedha aliyokopa kwenye kikundi chao cha vikoba na atakayoirudisha na riba. Boksi lilipanda basi Dar es Salaam, likapita Mbeya, likakata kona Tunduma, likashuka Sumbawanga. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Tulipolifungua, sita walikuwa wameshakufa, wamebanwa chini ya wenzao kama nguo chafu.

Mama akampigia aliyemuuzia. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila kitu. "Mama yangu, kifaranga kufa ni kawaida. Hao wanyonge watupe tu, usipoteze muda wako." Akakata.

Asubuhi ya Jumatano walikuwa wamekufa tisa wengine.

Sasa nataka tuongee kuhusu hilo neno "kawaida", maana limenikera kuliko vile vifo vyenyewe.

Kweli, katika kila kundi wapo wanaoanguliwa dhaifu na hawafiki mbali, uwalee vipi. Hilo sibishani nalo. Lakini vifaranga 15 kati ya 60 ndani ya siku moja na nusu? Hapo kuna mtu hakufanya kazi yake, na "kawaida" ni shuka anayojifunika.

Hebu tuanze na safari. Kifaranga anapoanguliwa huwa na mabaki ya kiini tumboni, nacho humlisha kwa muda wa hadi saa 72 hivi. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa bila chakula wala maji. Ni zawadi ya Mungu kwa kuku, ili mama atulie kwenye kiota akisubiri mayai yaliyochelewa. Sisi tumeigeuza kuwa ruhusa. Tunahesabu saa 72 kuanzia boksi linapopakiwa, wakati yeye alianguliwa tangu jana yake. Tunamweka juu ya injini au chini ya viti, mahali pasipo hewa, halafu akifika amekauka miguu na kufumba macho tunasema ni mnyonge. Mnyonge? Wewe ungekaa hivyo kutoka Dar mpaka Sumbawanga ungeshuka unacheka?

Halafu kuna baridi. Ndugu zangu wa Dar mnaonisoma mkiwa na feni, huku Ufipa ni uwanda wa juu, mji wetu uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Maelekezo aliyotumiwa mama kwenye WhatsApp yalisema "weka taa moja". Taa moja Mbagala inaweza kutosha. Taa moja Kizwite, umeme ukikatika saa nane usiku, ni hukumu ya kifo. Aliyeandika maelekezo yale hakufikiria kwamba Tanzania ina mahali panapohitaji blanketi.

Na sisi wenye elimu zetu je? Hapa naanza kujichapa mwenyewe. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika makala zaidi ya moja za "kijana aliyeacha kusubiri ajira na kufuga kuku". Nilimuuliza alianza na wangapi, nikamuuliza anauza shilingi ngapi. Sikumuuliza hata mara moja wamekufa wangapi. Kwa nini? Kwa sababu vifo vinaharibu stori. Msomaji anataka zile hesabu za kwenye simu: kuku 100, mara mayai, mara miezi sita, unanunua gari. Kwenye hesabu zile kuku hawaugui. Mama mwenye nyumba wangu amekopa kwa sababu ya hesabu kama zile. Huenda alisoma yangu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Sakafu ya lile boksi, na baadaye sakafu ya banda, ilitandikwa magazeti. Gazeti linateleza. Kifaranga akiteleza siku zake za mwanzo, miguu hutawanyika, mmoja mashariki mwingine magharibi, asiweze kusimama kufika kwenye maji. Tulimkuta mmoja hivyo, amelala kifudifudi juu ya kurasa za michezo. Ndiyo wa kwanza ambaye mama alitaka kumtupa, kama alivyoagizwa.

Nikamwambia, "Mama, naomba tujaribu."

Akanitazama. "Haya mwanangu, we jaribu. Lakini ukimaliza uniandikie na deni langu kwenye gazeti lako."

Tulichofanya si uchawi, na ndiyo hoja yangu. Kwanza joto. Kifaranga aliyepoa halishwi, anapashwa moto kwanza. Tukatia maji moto kwenye chupa za plastiki, tukazifunga matambara, tukazipanga pembeni ya boksi. Jiko la mkaa tulilikataa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake inaua vifaranga na inaua watu. Walipochangamka, maji ya uvuguvugu yenye glukosi, na kila mmoja tukamchovya mdomo taratibu, ncha tu, ili ajue maji yako wapi. Kisha chakula cha vifaranga. Waliokuwa na kinyesi kilichoganda nyuma tukawaosha kwa pamba na maji ya vuguvugu, bila kuvuta, tukawakausha. Kinyesi kile kikiziba njia, kifaranga anakufa tumbo limejaa. Magazeti tukayatoa, tukatandika magunia. Yule wa miguu tukamfunga kitambaa laini kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kwa nafasi ya kusimama kawaida, tukamweka peke yake ili wenzake wasimkanyage, chakula na maji karibu na mdomo.

Baada ya hapo ni kuangalia tu. Wakijikusanya katikati na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia kingo huku wamepanua midomo, joto limezidi. Wakisogea wote upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika wanakula na kulala, uko sawa. Bibi zetu hapa Ufipa walijua hili bila kipimajoto: kifaranga aliyepoa aliwekwa kwenye kikapu karibu na mafiga. Tumeacha kikapu, tukasoma, tukajifunza kusema "kawaida".

Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akaja na dawa. Unga wa antibayotiki, ule ambao kila mfugaji anao dirishani. "Wawekee tu kwenye maji, inaponya kila kitu." Nikamuuliza wanaumwa nini. Akacheka. Wadau, kuna ugonjwa unaoitwa kideri, wengine wanauita mdondo, unaosafisha kijiji kizima cha kuku. Unaletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kideri hakina tiba, kina chanjo. Ile ya matone ya jicho iitwayo I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Gumboro nayo ni virusi, nayo ina chanjo. Kuhara damu kuna dawa zake, na si unga ule. Kifaranga anayetetemeka kwa baridi hana ugonjwa wa kutibiwa kwa unga, ana baridi. Lakini sisi tunamwaga dawa kwenye maji kila tunapoogopa, wadudu wanaizoea, kuku wanauzwa kabla dawa haijatoka mwilini, na siku mtoto wako akilazwa dawa ile ile inagoma. Hii si habari ya kuku tena.

Haya, siasa niliyowaahidi. Mnakumbuka Namanga? Mwishoni mwa Oktoba 2017 serikali yetu iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliokuwa wametoka Kenya, kwa hoja kwamba waliingizwa bila kibali na wangeweza kuleta magonjwa. Katazo la kuingiza kuku lilikuwepo tangu 2006, wakati wa hofu ya mafua ya ndege. Kelele zilipigwa Nairobi, zikapigwa Dar, kila mtu akawa mtetezi wa vifaranga. Februari 2018 wengine wakachomwa tena.

Sibishani kwamba mpaka unahitaji kulindwa. Ninachouliza ni hiki: kama tuna nguvu ya kukagua kifaranga anayevuka Namanga, kwa nini hatuna nguvu ya kukagua boksi linaloingia stendi ya Sumbawanga? Tunayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inagusa hata namna ya kusafirisha wanyama. Boksi la mama halikuwa na tarehe ya kuanguliwa, halikuwa na orodha ya chanjo, halikuwa na hata jina. Chupa ya soda ina tarehe. Kiumbe hai hana.

Najua mtakachosema. "Acha utoto, ni kuku tu, mwisho wake ni sufuria." Sawa, na mimi nyama yake naila. Lakini sufuria ni baada ya miezi mitano, na katikati kuna miezi mitano ya kumlea. Wengine mtasema muda wa kumuuguza kifaranga mmoja unazidi bei yake. Kama ni muda wako wa ofisini, labda. Kwa mama mwenye deni, kifaranga mmoja ni tray za mayai za mwakani. Na yale uliyofanya kwa ajili ya mmoja, joto, maji, sakafu, ndiyo yaliyookoa waliobaki.

Pia nisiwadanganye. Yuko kifaranga ambaye huruma kwake ni kummaliza haraka, hasa anayeonyesha dalili za ugonjwa wa kuambukiza: shingo imepinda, kuhara kijani, kuhema kwa shida. Huyo mtenge, mwite mtaalamu, usimbembeleze katikati ya kundi. Lakini hukumu hiyo itolewe na mtu aliyemwangalia, sio kwa simu na muuzaji ambaye fedha yake imeshaingia.

Kwa hiyo wewe unayepanga kununua: washa joto siku moja kabla hawajafika, si baada. Fungua boksi mbele ya aliyekuletea, hesabu waliokufa hapo hapo. Dai tarehe ya kuanguliwa na chanjo walizopata. Asiyekupa usimlipe. Afisa mifugo wa kata, ukimkuta ofisini, muulize ratiba ya chanjo, na usipomkuta andika barua. Na wenzangu waandishi, tukiandika makala nyingine ya kijana na kuku zake, tuulize wamekufa wangapi.

Mpaka leo Jumapili wako 43. Wawili wengine walikufa Alhamisi. Hasara ni vifaranga 17, shilingi 34,000, na muuzaji hapokei simu tena. Yule wa miguu tulimfungua kitambaa jana. Anachechemea, anaanguka, anaamka. Asubuhi nilimkuta amefika kwenye maji mwenyewe.

Mama hajasema kitu. Ila naona ameacha kumwita "yule wa kutupa".

Nawasilisha.