Kioo cha kuzuia joto na hewa ya Pwani

Wajenzi wa Dar es Salaam na Mombasa wanapenda vioo vya kuzuia joto, na wana haki. Lakini wengi huuliza rangi na bei tu, aina ya utando uliopakwa juu ya kioo hawaiulizi.

Katika kioo chenye utando laini, kazi yote hufanywa na tabaka la madini ya fedha lenye unene wa nanomita 10 hivi, jembamba kuliko unywele mara maelfu. Unyevu ukilifikia, hasa ukiwa na chumvi ya bahari, fedha huliwa: vidoa huanzia pembezoni, kisha husambaa, na hakuna kitambaa kitakachovifuta. Ndiyo maana utando huo hufungiwa kati ya vioo viwili pamoja na chembechembe za kunyonya unyevu.

Joto nalo halipumziki. Mchana hewa iliyofungiwa kati ya vioo hutanuka, usiku hunywea, na gundi ya kingo huvutwa kila siku mpaka iachie.

Kiwango cha Ulaya, EN 1096, kinasema wazi: utando wa daraja C utumike ndani ya vioo vilivyozibwa tu. Ule mgumu wa oksidi ya bati, unaowekwa kioo kikiwa bado cha moto kiwandani, huhimili kukaa peke yake. Mnunuzi wa Pwani adai daraja la utando liandikwe kwenye ankara kabla hajalipa.