Jamhuri ni ya nani?

Huku Munigi, kila mwanasiasa tunayemsikia redioni anajiita mtu wa Jamhuri. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, jumhur, yaani watu wote. Basi inchi si mali ya mfalme wala ya familia moja. Lakini jina peke yake halitoshi: Mobutu alitawala miaka 32, na bado tuliitwa jamhuri. Ndiyo maana Katiba ya 2006, kifungu cha 220, inakataza kugusa mfumo wa jamhuri pamoja na hesabu na urefu wa mihula ya Rais. Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza tume ya kuandaa Katiba mpya. Ndugu wasomaji, anayejiita mtu wa Jamhuri tumuulize: muhula ukiisha, utaondoka?