Mgonjwa Asikilizwe Akiwa Bado Kitandani

Mgonjwa anayemweleza daktari kwamba maumivu yake si ya kawaida, kisha akajibiwa "vipimo viko safi, ni mawazo tu", ana haki gani? Kenya ilikwisha kulijibu swali hilo kwa maandishi. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unampa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, na haki ya kulalamika. Uganda ina mkataba wake tangu 2009. Tanzania ina Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo mwananchi anaweza kulipelekea malalamiko dhidi ya daktari. Haki zimeandikwa. Kasoro yake kubwa ni kwamba nyingi huanza kufanya kazi mgonjwa akiwa amekwisha kuumia.

Kesi ya mji wa Bungoma, Kenya, inaonyesha hivyo. Mwaka 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya mji huo, na wauguzi wakamtukana na kumpiga. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake za kikatiba zilivunjwa, ikaagiza aombwe radhi na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Ulikuwa uamuzi wa maana kwa kila mama wa Kenya. Lakini ulikuja baada ya takriban miaka mitano, na alichokihitaji siku ile kilikuwa mtu wa kuitika alipoita.

Tusiharakishe kusema madaktari wana roho mbaya. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango hushika jibu la kwanza linaloelekea kuwa kweli, na akishalishika, kila analosikia hulitafsiri kwa jibu hilo. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu ilhali kinachomuua ni homa ya uti wa mgongo. Kipimo kikitoka chanya, faili hufungwa. Mama anayesema "homa za malaria za mwanangu nazijua, hii siyo" anakuwa ametoa taarifa ambayo maabara haikuitoa.

Yapo pia magonjwa ambayo uzito wake hauonekani kwenye karatasi ya majibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi, ugonjwa unaoweza kuleta maumivu makali ya hedhi, inampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na ultrasaundi ya kawaida inaweza isiione. Wengi huambiwa kwa miaka kwamba maumivu ya hedhi ni ya wanawake wote. Mgonjwa wa selimundu naye, maumivu yakimshika, hana kipimo cha kuthibitisha ukali wake. Ana kauli yake tu. Asipoaminiwa, huonekana anadeka au anatafuta sindano.

Hata umaarufu hauzuii jambo hili. Bingwa wa tenisi Serena Williams ameeleza kwamba alipojifungua mwaka 2017, alimwambia muuguzi kuwa anahitaji picha ya CT ya mapafu na dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa aliwahi kupata tatizo hilo. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Alipong'ang'ania hadi akapigwa picha, mapafuni yalikutwa mabonge ya damu.

Yeye aliweza kung'ang'ania. Je, mama aliyefika kituo cha afya kwa nauli ya kuazima? Anajua kwamba akimuudhi muuguzi wa usiku, muuguzi huyohuyo ndiye atakayeangalia dripu ya mwanawe hadi asubuhi. Kwa hiyo hunyamaza, na ukimya wake huitwa adabu. Haki ya kutafuta daktari mwingine nayo, pale ambapo hospitali ya pili iko wilaya jirani, ni ya mwenye nauli na ada ya kumwona daktari. Haki ya namna hiyo haijamfikia aliye maskini.

Uingereza imejaribu kuliziba pengo hili. Mwaka 2021, Martha Mills, binti wa miaka 13, alifariki dunia kwa sepsisi baada ya kuumia kongosho alipoanguka na baiskeli. Wazazi wake walieleza hofu yao wodini, wakatulizwa. Uchunguzi rasmi wa kifo ulihitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Kutokana na juhudi za wazazi hao, mwaka 2024 hospitali za England zilianza kutumia Kanuni ya Martha: mgonjwa au ndugu akiona hali inazidi kuwa mbaya na hasikilizwi, anapiga simu saa yoyote, na timu nyingine inakuja kumwangalia. Jimbo la Queensland, Australia, lina utaratibu unaofanana na huo tangu 2013.

Kuna pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba sisi hatuna timu hizo. Zahanati nyingine haina daktari kabisa. Ni kweli, lakini kiini cha kanuni hii ni jicho la pili, na mhudumu wa zahanati anaweza kulipata kwa kumpigia simu daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya. Ya pili ni kwamba watu watapiga simu kwa kila kikohozi, na kudai dawa wasizohitaji. Hapa tuwe wazi: kusikilizwa si kutiiwa. Daktari ana haki, na mara nyingi wajibu, wa kukataa kutoa antibiotiki isiyo na kazi. Anachodaiwa ni sababu.

Napendekeza mambo matatu. Kila asubuhi wodini, mgonjwa na anayemuuguza waulizwe kama wanaona nafuu au hali inazidi, na jibu lao liandikwe kwenye faili. Daktari anayekataa kipimo au rufaa iliyoombwa aandike alichoambiwa na kwa nini amekataa. Kalamu humlazimisha mtu kufikiri upya. Na ukutani, kwa Kiswahili, ibandikwe namba ya simu ya daktari mwandamizi wa zamu, ambayo hata muuguzi mwenye wasiwasi anaweza kuipiga bila kuogopa mkubwa wake.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine mpya, na mganga mfawidhi anaweza kuyaanzisha bila kusubiri sheria ya Bunge. Wizara nazo ziyafanye masharti ya kila hospitali, zikague utekelezaji, na zimwadhibu anayemlipizia kisasi mgonjwa aliyeuliza. Bila ulinzi huo, mama yule ataendelea kunyamaza, na namba iliyo ukutani haitamsaidia.