Sarafu za Kidole

Msomaji kijana, usidanganyike. Mchezo wa simu unaolipa sarafu kwa kila mguso wa kidole si mchezo mtupu, bali ni mwalimu, na somo lake ni baya. Hukufunza kwamba mali huja bila jasho, tena haina mwenyewe.

Mwaka 2024 mchezo uitwao Hamster Kombat ulienea duniani, Kenya ikiwamo. Wachezaji waligusa vioo vya simu miezi kadhaa, wakajiona wenye sarafu kwa mamilioni. Mwezi wa Septemba malipo yalipotolewa, wengi waliambulia kidogo mno, wakabaki kunung'unika.

Wengine husema, "Iko michezo ya hadithi, ambayo mchezaji huchagua ama kudhulumu ama kutenda haki, hiyo hufunza maadili." La, hasha! Humo mjane aliyedhulumiwa halali njaa, na mchezaji akijuta huanza upya. Wema usiomgharimu mtu kitu haujajaribiwa.

Tazama Uriri. Muwa hukaa shambani yapata miezi 18 kabla ya kukatwa. Kila shilingi yake ina wenyewe: aliyepanda, aliyepalilia, aliyekata. Anayepunja mizani humpunja jirani yake, na kesho hukutana naye njiani. Hapo hakuna kuanza upya.

Basi, ukitumwa dukani leo ukapewa chenji iliyozidi, irudishe. Shilingi kumi hizo zitakufunza uadilifu ambao sarafu milioni za simu haziwezi kukufunza.