Jodari Hahitaji Dakika Ishirini, Anahitaji Barafu

Najua nimekuwa kimya, ila mwanafunzi mwenye majaribio matatu ndani ya wiki moja msimlaumu sana. Leo naomba tuweke vitabu pembeni tuongee la tumbo, maana kuna ugomvi hapa getoni kwetu ambao naona haufai kuishia getoni.

Ugomvi wenyewe ni wa jodari.

Tunaishi watatu, nyumba ya kupanga, si mbali na Mlimani. Bumu lilipotoka tukachanga tukanunua kikaangio cha hewa, cha mtumba lakini kizima. Kwa ambaye hajakiona: ni kidude chenye droo, ndani ya droo kuna kikapu chenye matundu, juu yake kuna waya wa moto na feni. Feni inausukuma ule moto unazunguka chakula pande zote. Philips ndio waliokileta sokoni kwa jina la Airfryer mwaka 2010, siku hizi kampuni chungu nzima zinavitengeneza. Kwa lugha nyepesi ni oveni ndogo yenye feni kali. Hilo neno kukaanga ni la kukipamba tu, maana humo ndani hakuna mafuta yanayochemka.

Basi tangu kidude kifike, Jumamosi zetu ni za jodari wa Feri, steki nene kama vidole viwili. Na kila Jumamosi mabishano ni yale yale: aive kiasi gani? Mwenzetu mmoja anataka dakika 20, jodari atoke mkavu hadi agonge kwenye sahani. Mwingine kaangalia video za wapishi wa nje, anataka katikati abaki mwekundu kabisa. Kila mmoja anamwona mwenzake mshamba.

Mimi msimamo wangu ni huu: wote wawili wanabishania dakika, wakati jambo la hatari zaidi limeshatokea au halijatokea kabla samaki hajafika jikoni. Kama jodari alikaa juani bila barafu, hakuna dakika zitakazomwokoa. Na kama alikaa kwenye barafu vizuri, hizo dakika 20 ni kumtesa bure.

Tuanze na hilo la kumtesa. Jodari si changu, wala si kuku wa kienyeji. Ile nyama nyekundu ya jodari mwenye mapezi ya njano ina protini kama gramu 24 kwa kila gramu 100, na mafuta hayafiki hata gramu moja. Yaani ni msuli mtupu. Nyama yenye mafuta hata ukiizidishia moto kidogo ina kitu cha kuilainisha. Jodari hana. Moto ukizidi, nyuzi za msuli zinajikunja, maji yanakamuliwa nje, na upepo wa kikaangio unayakausha papo hapo. Ndiyo maana watu wengi wanasema "hiki kidude hakifai kwa samaki". Kinafaa sana, ila kina kasi. Ukikipa jodari kwa dakika zile unazompa kuku, kitakurudishia kipande cha mbao.

Sasa mwenzetu wa dakika 20 ana jibu lake, na ni jibu ambalo wengi mnalo: "Bora awe mkavu kuliko aniletee ugonjwa." Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, jamani.

Jodari na jamaa zake, nguru wamo, vibua wamo, wana kitu kingi kwenye nyama yao kinachoitwa histidini. Samaki akishakufa na akakaa kwenye joto, bakteria wanaigeuza hiyo histidini kuwa histamini. Hiyo histamini ndiyo sumu yenyewe. Inaweza kuanza kujengeka ndani ya saa chache tu kwenye joto kama letu. Na hapa kuna mambo mawili ambayo laiti yangebandikwa kwenye kila meza ya samaki nchini. La kwanza, histamini haina harufu. Samaki anaweza kunukia vizuri, macho yanang'aa, na bado ameshaharibika kwa namna hiyo. La pili, histamini haifi kwa moto. Chemsha, kaanga, oka, gandisha, tia kwenye kopo, iko pale pale. Bakteria watakufa, lakini walichokitengeneza kinabaki.

Kwa hiyo ile imani kwamba kumkausha jodari ni kujikinga, kwa ugonjwa huu haina msingi. Unaweza kumpika mpaka awe mkaa, na bado ukaumwa.

Nina mfano wa karibu. Dada mmoja tunayeishi naye nyumba moja, mtoto wa Tanga, amekula samaki tangu anaota meno, alinunua jodari wa kukaanga kwenye kibanda kimoja jioni, aliyekaangwa ukweli ukweli, mweusi nje. Haikufika nusu saa uso ukawa wa moto, macho mekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha. Tukampeleka zahanati usiku. Akapewa dawa ya mzio, asubuhi akawa mzima. Nyumba nzima ikatoa hukumu: "Ana aleji ya samaki huyo." Miezi mitatu hakugusa samaki wa aina yoyote, mpaka daktari mwingine alipokaa naye akamuuliza maswali ya maana: ulikula samaki gani, saa ngapi, alikuwa wapi kabla? Akamwambia dalili zake zinaonyesha ni histamini ya samaki yule, si mzio wa samaki wote. Leo anakula changu wake bila wasiwasi.

Mnaona hasara ilipo? Mtu wa pwani ananyang'anywa kitoweo chake miezi mitatu, halafu aliyemuuzia anaendelea kuuza, na meza yake haina barafu hata leo. Kwa sababu tukishasema "aleji", kosa linakuwa la mlaji. La barafu haliulizwi na mtu. (Angalizo: mzio wa kweli wa samaki upo na unaua. Ukipatwa na dalili hizo nenda hospitali, usijipime mwenyewe kwa kula tena.)

Najua kuna atakayesema nawadharau mama zetu wa pwani waliotulea kwa samaki wa kukaangwa mpaka wakauka. Hapana, bibi yangu namheshimu, na alikuwa na sababu. Nyumba isiyo na friji, samaki ananunuliwa leo, nusu analiwa kesho. Ukimkaanga akauka, maji yanapungua na anadumu zaidi. Ile haikuwa namna ya kupika tu, ilikuwa namna ya kuhifadhi. Na bibi alinunua samaki kwa ngalawa iliyofika asubuhi hiyo hiyo, hatua chache kutoka mlangoni. Sisi tumechukua ule ukavu wake tukaacha ule uharaka wake. Samaki wetu ametoka mbali, amepita mikono minne, amepanda bodaboda, halafu tunadhani dakika 20 za moto zinafuta safari yote hiyo.

Tena jodari ana tatizo lake la ziada. Samaki wengi damu yao ina joto la maji wanamoogelea. Jodari misuli yake huwa na joto kuliko bahari, ndiyo siri ya mbio zake. Halafu ni pande la samaki, mwenye mapezi ya njano anaweza kuzidi kilo 100. Mzigo mkubwa namna hiyo, uliokufa ukiwa wa moto, usipowekewa barafu mapema unachelewa sana kupoa katikati. Ndiyo maana kwake barafu si hiari.

Kwa hiyo ninachodai kwanza ni sokoni. Ukifika Feri, usiulize bei tu. Uliza samaki amelalia nini. Akiwa kwenye barafu, mguse, awe wa baridi kweli. Akiwa amelala kwenye ubao mkavu, na jua la Dar ndilo hilo, pita, hata kama bei imeshuka. Hasa kama imeshuka. Rangi nayo isikudanganye: nyekundu inayong'aa si cheti cha usalama.

Pili ni safari. Kutoka Feri mpaka Mlimani, ukijumlisha foleni, saa nzima na zaidi inaweza kukatika. Kanuni ya usalama wa chakula inasema samaki mbichi asikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa 1. Sasa piga hesabu mwenyewe, mfuko wa plastiki, mchana wa Desemba, ndani ya daladala. Sisi tunabeba ndoo ndogo yenye mfuniko na barafu za mfuko, zile zile zinazouzwa mtaani. Kondakta anacheka. Acheke tu. Na akifika nyumbani anapikwa siku hiyo hiyo, kwa sababu friji hatuna.

Tatu ndiyo jikoni, na hapa ndipo kidude kinapoonyesha kazi. Mpanguse jodari kwa kitambaa safi mpaka akauke juu, maji ya nje yanamfanya achemke badala ya kubadilika rangi. Mpake mafuta yeye, si kikapu. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha steki tatu. Chumvi, pilipili manga, tangawizi iliyotwangwa, bizari kidogo. Kitunguu saumu kiwe kidogo, kwenye moto mkali kinaungua na kuwa kichungu. Ndimu msubirishe, umkamulie akishatoka. Ukimlaza kwenye ndimu saa nzima, ile asidi inaanza kumkaza nyama kabla hata hujawasha umeme.

Washa kikaangio nyuzi 200, kiache kitupu dakika 3 kipate moto. Panga steki bila kuzibebanisha, maana kinachopika ni hewa, na hewa isipopita hakuna kupika. Steki ya unene wa sentimeta 2.5, geuza mara moja katikati. Dakika 4 hadi 6 katikati atabaki mwekundu. Dakika 8 hadi 10 ameiva mpaka ndani. Vidude vinatofautiana, kwa hiyo mchungulie: pembeni mwa steki utaona ule weupe unavyopanda kutoka chini na kushuka kutoka juu. Vikikutana, na uma ukigawanya nyama kirahisi, toa. Muache apumue dakika 2 ndipo ule.

Sasa yule mwenzetu wa katikati mwekundu naye asidhani nimempa ushindi. Jodari wa hivyo ni kwa mtu anayejua samaki wake amekaa kwenye barafu tangu chomboni. Sisi wa Feri, tunaojua kipande kimoja tu cha safari yake, tumpike aive ndani, nyuzi 63 katikati kwa mwenye kipimajoto. Wajawazito, wazee na watoto ndio kabisa, wasipewe wa ndani mbichi. Lakini kuiva ni dakika 10, si 20. Baada ya hapo unakausha, huongezi usalama.

Halafu kuna hili la Luku, maana wapangaji sita mita moja, na mwenye nyumba ameshatuita mara mbili kuhusu "hilo jiko lenu la kizungu". Hesabu hii hapa. Kikaangio cha wati 1,500, dakika 3 za kupasha na 10 za kupika, kikiwaka bila kukatika ni kama theluthi ya uniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa ni nusu uniti. Kila Jumapili jioni nyumba nzima inapiga pasi na hakuna anayeitwa kikao. Anayetaka tumalize umeme ni yule wa dakika 20, si kidude. (Mnaoishi hosteli msinitafute, najua huko majiko ya chumbani ni marufuku, na kwa nyaya zile naona wana haki.)

Ninachosema ni kwamba tumezoea kuamini moto. Kitu chochote tukikitilia shaka, tunakiongezea moto, dhamiri inatulia. Kwa jodari moto umefika mwisho wa uwezo wake. Wanunuzi tukianza kuuliza barafu kama tunavyouliza bei, wauzaji wataiweka, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayebeba gharama ambayo mteja haiulizi. Tukiendelea kununua wa kwenye ubao kisha tukajificha nyuma ya dakika 20, tutaendelea kupelekana zahanati usiku na kuita aleji.

Getoni hatujakubaliana bado. Wa dakika 20 amekubali kushuka hadi 12, anasema dakika 2 za ziada ni za mama yake. Nimemwachia hizo. Ila ndoo ya barafu Jumamosi hii anabeba yeye.

Wadau wa Tanga, Mombasa na Unguja, huko kwenu jodari analala kwenye nini sokoni? Na mnampika dakika ngapi? Semeni ukweli. Naomba kutoa hoja.