Kusafisha rejista ya Windows: Dawa inayouzwa kwa hofu

MACHI mwaka 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama FTC, ilianza kuwarejeshea fedha watu zaidi ya 736,000 walionunua programu za kutengeneza kompyuta. Kiasi kilichogawiwa kilikuwa takriban dola milioni 25.5. Fedha hizo zilitoka kwa kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, ambazo mwaka 2024 zilikubali kulipa dola milioni 26 ili kumaliza shauri dhidi yao.

Kwa mujibu wa madai ya FTC, kampuni hizo ziliwatokezea watu kwenye skrini kwa matangazo yaliyofanana na taarifa za Windows yenyewe, yakidai kuwa kompyuta zao zina kasoro na virusi. Aliyekubali kupimiwa bure aliambiwa hali ni mbaya, akauziwa programu kwa bei kati ya dola 27 na 58, kisha akaelekezwa kupiga simu. Huko alikutana na mtu aliyemshawishi kununua huduma za mamia ya dola.

Shauri hilo si la kwanza. Mwaka 2019, kampuni ya maduka ya vifaa vya ofisi ya Office Depot na mshirika wake, Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35. FTC ilidai kuwa matokeo ya upimaji wao hayakutegemea kilichomo ndani ya kompyuta hata kidogo. Yalitegemea majibu ya mteja kwa maswali manne aliyoulizwa mwanzoni. Akikubali hata moja, programu "iligundua" maradhi.

Kwa nini biashara hii haifi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kitu ambacho watumiaji wengi hawajawahi kukiona, nacho ni rejista ya Windows.

Rejista ni daftari kuu ambamo Windows na programu nyingi huandika mipangilio yake: printa ipi imeunganishwa, programu ipi ifungue faili la aina gani, na ipi ianze yenyewe kompyuta inapowashwa. Ilianza ikiwa ndogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, ikawa mhimili wa mfumo mzima kuanzia Windows 95. Kabla ya hapo programu nyingi ziliweka mipangilio katika mafaili madogo ya maandishi yaliyotapakaa kila kona ya diski.

Kasoro ya daftari la pamoja ni kwamba anayehama hafuti jina lake. Programu inapoondolewa, mara nyingi huacha nyuma mistari yake. Baada ya miaka kadhaa ya kuweka na kuondoa programu, mabaki hayo yanaweza kufikia maelfu. Hilo ni kweli, wala hakuna mtaalamu anayelibisha. Ubishi uko kwenye madhara yake.

Zamani hoja ya usafi ilikuwa na mashiko kiasi. Windows 98 ilikuwa na kikaguzi kilichoipima rejista kila kompyuta ilipowashwa na kutunza nakala tano za akiba, kwa sababu kuharibika kwake halikuwa jambo geni. Hata Windows 2000 ilikuwa bado ina kikomo cha ukubwa wa rejista. Microsoft yenyewe iliwahi kutoa programu ya kuisafisha, RegClean, kisha ikaiondoa. Kikomo kile nacho kilifutwa katika Windows XP mwaka 2001.

Tangu hapo ugonjwa umepungua sana, lakini wauza dawa hawakupungua.

Windows haisomi daftari zima kila inapotafuta jambo. Rejista imepangwa mfano wa mti wenye shina, matawi na vitawi. Programu inayohitaji mpangilio wake hulitaja tawi kwa jina na kwenda hapo moja kwa moja. Mabaki ya programu iliyoondolewa mwaka juzi yamekaa kwenye tawi ambalo hakuna tena anayelipitia. Daftari hilo lina vipengele vingi mno, na kufuta elfu moja kati yake hakuongezi kasi ambayo binadamu anaweza kuihisi.

Zipo nyakati ambapo mabaki husumbua. Mfano ni mstari unaoagiza programu isiyokuwapo tena ianze pamoja na kompyuta, ukaleta ujumbe wa kosa kila asubuhi. Lakini mstari huo mmoja hutafutwa na kuzimwa kwa kutumia orodha ya programu za kuanzia iliyomo ndani ya Windows. Hauhitaji ufagio wa kupitia nyumba nzima.

Na ufagio huo hufanya kazi kwa kukisia. Ukikuta mstari unaotaja faili lisiloonekana, unauhesabu kuwa umekufa. Huenda faili liko kwenye diski ya nje ambayo siku hiyo haikuchomekwa, au kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ofisi. Zipo pia programu zinazoacha alama ambayo kwa macho ya mwingine haina maana, kumbe ndiyo uthibitisho wa leseni. Ndiyo maana programu mbili za usafi zikipewa kompyuta moja, zinaweza kutoa idadi tofauti kabisa za "makosa".

Msimamo rasmi wa Microsoft ni kwamba haiungi mkono matumizi ya programu hizo, na kwamba haiwezi kuhakikisha kuwa matatizo yanayotokana nazo yatatatuliwa. Tatizo kubwa likitokea, mtumiaji anaweza kulazimika kuweka upya mfumo wote.

Wengi hudhani kuna nakala ya akiba ya kuwaokoa. Kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, mfumo uliacha kutunza nakala ya rejista kwa utaratibu wake wa zamani. Microsoft ilieleza baadaye kuwa ilifanya hivyo kwa makusudi ili kupunguza nafasi inayotumika kwenye diski. Anayefuta leo bila kuweka kwanza kituo cha kurejeshea mfumo anaweza kukosa pa kurudi.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote si mstari uliofutwa kimakosa. Ili programu iguse rejista yote, ni lazima ipewe mamlaka ya juu kabisa ndani ya kompyuta. Mwenye nyumba anamkabidhi mgeni funguo zote kwa kazi ambayo haikuwa na haja kubwa.

Mwaka 2017 ulionyesha maana ya jambo hilo. CCleaner, programu ya kampuni ya Piriform ya Uingereza, haikuwa ya matapeli. Ilikuwa na heshima, na usafi wa rejista ni sehemu moja tu ya kazi zake. Julai mwaka huo Piriform ilinunuliwa na Avast, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Jamhuri ya Czech. Wadukuzi walikuwa wamekwisha kuingia katika mtandao wa Piriform tangu Machi.

Toleo la 5.33 lililotolewa Agosti 15, 2017 lilikuwa na programu hasidi ndani yake, likiwa na sahihi halali ya kidijiti ya kampuni. Lilikaa hewani takriban mwezi mmoja na kufika kwenye kompyuta milioni 2.27. Uchunguzi ulibaini kuwa shabaha halisi ilikuwa kampuni kubwa za teknolojia. Kompyuta 40 hivi ndizo zilizopelekewa awamu ya pili ya shambulio. Na programu hasidi hiyo iliweka kumbukumbu zake wapi? Ndani ya rejista, katika tawi lenye jina la Piriform.

Kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, ambako kompyuta za mtumba ni nyingi, suala hili halijapitwa na wakati. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, huku mashine nyingi za zamani zikiwa hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta nzito ndiye mteja anayewindwa na matangazo ya usafi. Fedha hiyo ingemfaa zaidi kwa kuongeza kumbukumbu, au kubadili diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka.

Dawa ya kweli ya mabaki inatakiwa itoke kwa watengenezaji wa programu, na utaratibu wake upo. Katika mfumo wa vifurushi wa MSIX, ambao Microsoft iliutangaza mwaka 2018, maandishi ya programu kwenye rejista huwekwa katika daftari lake la pembeni, na programu ikiondolewa daftari hilo huondoka nayo. Lakini Windows inaendelea kupokea programu zinazofungwa kwa njia ya zamani, na watengenezaji wengi hawajaona sababu ya kuhama.