Ukiulizwa "Bei?" Usijibu "Njoo Inboksi": Kitu Wenye Biashara Wanaeza Kujifunza kwa Maloya wa TikTok

Fungua TikTok saa hii. Ndani ya dakika tano lazima utapatana na msee wa viatu. Raba safi, ngoma iko juu, chali anazungusha kiatu mbele ya kamera polepole hadi unaanza kuhesabu doh kwa M-Pesa. Unashuka kwa komenti kuuliza: "Bei?" Jibu linakuja: "Njoo inboksi."

Hapo ndio biashara imekufia. Inboksi hauendi, juu unajua bei itategemea picha yako ya profaili. Ukikaa kama una doh ni 3,000. Ukikaa msoto ni 2,200. Unapita na maisha yanaendelea.

Video inayofuata ni ya loya. Hakuna ngoma. Amekaa kwa meza, tai imelegea, anasema hivi: kama umekodi duka na hamkuwahi kuandikiana na landlodi, hawezi kuamka tu akuambie utoke kesho. Lazima akupe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na kama haukubali, unaipeleka mbele ya Business Premises Rent Tribunal. Sekunde hamsini, imeisha. Hajakuita ofisini wala hajataja bei yake. Lakini ushaisevu, ushamtumia mathe mwenye ako na saluni mtaani, na jina la huyo jamaa limebaki kwa kichwa.

Sasa niambie, kati ya hao wawili, ni nani ameuza?

Walikuwa wamefungwa mdomo

Kama wewe ni wa miaka ishirini na kitu, pengine haujui kwamba kwa muda mrefu maloya Kenya hawakuruhusiwa kujitangaza. Ungeona tu kibao kwa mlango: jina na neno "Advocates", basi. Wazee wa hiyo kazi walikuwa wanasema uwakili ni wito, si kibanda cha nyanya.

Mambo yaligeuka 2012. Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya Okenyo Omwansa dhidi ya Mwanasheria Mkuu, akasema kuwapiga mawakili marufuku ya jumla kwa matangazo hakuendani na Katiba. Sababu ni rahisi. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ndio afaidike na huduma anayonunua. Na wewe ukitafuta loya ni mteja kama mteja mwingine yeyote. Kama hauruhusiwi kujua nani anafanya nini, utachagua aje?

2014 zikatoka sheria mpya za vile mawakili wanaeza kujitangaza. Lakini usidhani geti lilifunguliwa wazi kama la soko. Tangazo la loya lazima liwe la ukweli, lisipotoshe mtu na lisishushe heshima ya kazi. Na ile tabia ya kutuma mabroka wamtafutie kesi hospitali na vituo vya polisi bado ni makosa hadi wa leo.

Kwa hivyo loya hawezi kupiga kelele kama kondakta wa mat ya Rongai. Hawezi kusema "ofa ya Ijumaa, talaka mbili kwa bei ya moja." Kitu amebaki nacho ni kukufundisha. Na kwa maoni yangu, hiyo kamba waliyofungwa nayo ndio imewafanya wajue kuuza mtandaoni kuliko wenye maduka, wenye hawajafungwa na mtu.

Mbona kufundisha kunauza?

Wasee wengi wa mtaa wanaogopa loya. Wanaona ni mtu wa ghorofa ya nane tao, mwenye anakutoza hata kabla hujakaa kwa kiti. Mtu akidaiwa kodi ya duka, au akidai mteja 80,000 za kazi alifanya, haambii loya. Anaambia maboyz wa base. Base inamwambia "achana nayo, hiyo doh imeenda." Na kweli inaenda.

Lakini tangu 2021 kuna Small Claims Court. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaeza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Fundi mwenye ametengeneza sofa na hajalipwa, au mpiga picha wa harusi mwenye bwana harusi amezima simu, hiyo ni korti yao.

Loya akikuambia hivyo kwa video, amejinyima kazi. Amesema wazi kwamba kwa hii shida haumhitaji. Lakini fikiria mwaka ujao, wakati wewe na mabro zako mnataka kununua ploti Kitengela na hamtaki kuchomwa. Utampigia nani? Utampigia yule mwenye alikuambia ukweli wakati ukweli haukumletea kitu.

Mwenye duka, kopi hiyo kazi

Hauhitaji taa za studio. Unahitaji kujua kitu kastoma wako hajui, na umwambie bure.

Mama wa mitumba Gikomba anajua tofauti ya kamera na fagia hata akiwa amefunga macho. Wewe mnunuzi hujui. Akifanya video moja kukuonyesha vile unaangalia mshono, kola na zipu ndio usiuziwe fagia kwa bei ya kamera, utamuamini. Fundi wa simu Luthuli akikuonyesha vile unajua chaja ni feki, hautanunua chaja kwa mtu mwingine. Msee wa nyama choma akikuonyesha vile anachagua mbuzi, Jumamosi utakuwa kwa meza yake.

Ingine: andika bei. Andika bei. Andika bei. Kuficha bei hakukufanyi ukae wa maana, kunakufanya ukae mtu wa kukadiria mifuko ya watu. Andika pia doh ya kuletewa ni ngapi hadi tao na hadi mtaani, na kama kitu kinaeza kurudishwa.

Kama nguo iko na doa, onyesha doa. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakataza kudanganya mtu kuhusu hali ya kitu unamuuzia, na haijalishi ulimdanganyia dukani ama kwa reel. Tena hapo kuna faida: mtu akiona umeonyesha doa dogo, anaamini ile ingine umesema ni safi ni safi kweli.

Chukua namba ya Till yenye jina la biashara. Mtu akilipa aone jina lile lile lenye liko kwa akaunti yako. Ukimtumia namba ya kibinafsi yenye inaleta jina la mtu hajawahi kumsikia, atashtuka, na ako na haki ya kushtuka. Wengi wetu tushawahi kulipia viatu online tukablokiwa kabla M-Pesa imalize kuleta meseji. Hao makonmeni ndio wanakuharibia soko, kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuonyesha kwamba wewe si mmoja wao.

Na usilale ukiota mafolowa. Watu 200 wenye wanaangalia WhatsApp status yako, wanaishi Umoja na wanaeza kufika kwa duka na miguu, wanaeza kukulipia kodi. Mafolowa 20,000 wenye walikuja juu ulicheza chalenji wanakupa laiki, na landlodi hachukui laiki.

Kuna mahali itakuuma

Kabla uposti picha ya kastoma akitabasamu na mzigo wake, umemuuliza? Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilipiga lounji moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 juu ya kuposti picha ya mtu bila ruhusa yake. Shule moja ya Uthiru ikapigwa milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sasa wewe na kinyozi chako cha viti viwili, hiyo doh utatoa wapi?

Kuuliza ni bure. "Bro, naeza kuposti hii fade yako?" Akikubali, mwambie aandike kwa WhatsApp ndio uwe na rekodi. Akikataa, posti makasi. Vile vile na namba za simu. Mtu kukulipa na M-Pesa si ruhusa ya kumtumia meseji za ofa kila wikendi, na akikuambia uache, acha.

Kwa loya hiyo ni mara mbili, juu siri ya mteja ndio mali yake. Loya mwenye anaposti "leo nimemshindia mama fulani kesi ya watoto" anakuonyesha vile ataongea kuhusu yako.

Na wewe mtazamaji, chanuka

Hapa kuna shida moja kubwa. Kama kufundisha kunaleta wateja, basi kila mtu mwenye suti na taa ya duara anaeza kujifanya mwalimu. 2023 nchi nzima ilikuwa inabonga kuhusu jamaa mwenye alidaiwa kujifanya wakili na hajasajiliwa, na mtandaoni wasee wengi walikuwa wanamshangilia. Inachekesha hadi siku yeye ndio ameshika kesi ya brathe yako.

Law Society of Kenya iko na mahali kwa wavuti yake pa kutafuta jina la wakili. Ingia, andika jina, uone kama ako na cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, juu hicho cheti huchukuliwa kila mwaka. Ni dakika mbili, na hazihitaji bando kubwa.

Pia kumbuka video ya sekunde hamsini haijui maisha yako. Ile ya notisi ya miezi miwili ni ya maduka, hoteli na mahali pa kula. Bedsita yako ya Roysambu haiko ndani. Na hata kwa duka, ukiwa umesaini mkataba wa maandishi wa zaidi ya miaka mitano, hesabu inaeza kubadilika kabisa. Sasa kama mathe alitumiwa hiyo video na hakuambiwa hayo, akamjibu landlodi vibaya akidhani amelindwa, nani atamrudishia saluni? Loya mzuri anakuambia mahali maneno yake yanaishia. Ukipata mwenye kila kitu kwake ni "hiyo ni kesi ya kushinda," pita kama vile ulipita msee wa viatu.

Na kama wewe ndio huyo msee wa viatu, nina kazi moja kwako leo jioni. Rudi kwa posti yako ya mwisho, shuka kwa komenti, uhesabu zile zinasema "Bei?" Hao wote walikuwa na nia, na wengine walikuwa na doh kwa simu. Wajibu mmoja mmoja hapo hapo, mbele ya watu, na namba. Kisha kesho utuambie umeuza jozi ngapi.